Uuguzi si Makombo ya Udaktari

Safu ya Elimu na Malezi



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita tulipokea barua ya mama mmoja anayeishi na aila yake katika mji mmoja wa kaskazini mwa England. Kwa ufupi anaeleza kwamba binti yake yumo katika mwaka wa kwanza wa masomo ya A-level, anasoma bayolojia, kemia na saikolojia, na walimu wanamsifu. Nyumbani ilikwisha kupitishwa tangu alipokuwa mdogo kwamba atakuwa daktari. Hata jamaa wa Unguja na Mombasa wanapopiga simu humwita "daktari wetu". Sasa binti ametamka, kwa adabu lakini kwa uthabiti, kwamba anataka kusomea uuguzi. Baba amekasirika. Kauli yake ni kwamba hakuvuka bahari na kufanya kazi za usiku miaka kumi na minane ili mwanawe aje kuwa nesi wa kufuta matapishi.

Mama anatuuliza mambo matatu. Je, uuguzi ni elimu ya chuo kikuu kweli, au ni jina tu? Gharama zake zitalipwaje bila ya kuingia katika riba? Na yeye aseme nini baina ya mume na mwana?

Kwa idhini yake tumeona tumjibu hadharani, kwani suala hili limo katika nyumba zetu nyingi, na kila mwaka ifikapo Agosti, matokeo ya A-level yanapotoka, kuna vijana wanaolia kwa kukosa walichotakiwa wakitake, na wengine wanaolia kwa kukipata.

Elimu yenyewe

Tuanze na swali la kwanza, maana maneno mengi juu ya jambo hili yamejengwa juu ya kutojua.

Hapa Uingereza udaktari husomwa kwa miaka mitano, na katika baadhi ya vyuo sita. Mwanafunzi husoma umbile la mwili na utendaji kazi wake, kemia ya mwili, maradhi na dawa. Kisha miaka ya mwisho hupita zaidi katika wodi na zahanati. Tangu mwaka wa masomo 2024/25, wanaohitimu hutakiwa pia kufaulu mtihani wa leseni ambao Baraza la Madaktari, linalojulikana kwa herufi GMC, limeuweka kwa vyuo vyote. Baada ya shahada hufuata miaka miwili ya msingi hospitalini, na usajili kamili hupatikana mwaka wa kwanza ukishapita salama. Hapo ndipo huanza safari ya ubingwa. Daktari wa familia huongeza miaka mitatu, na wa upasuaji huweza kuongeza minane au zaidi.

Uuguzi husomwa kwa miaka mitatu, na huko Uskoti wapo wanaosoma minne. Baraza la Wauguzi na Wakunga, yaani NMC, linataka saa zisizopungua 4,600 za mafunzo, nusu yake ikiwa ni elimu ya nadharia na nusu nyingine ni kazi ya mkono kwa wagonjwa. Saa hizo 2,300 za kazi hazichagui mchana wala usiku, Jumamosi wala Jumapili, na zamu moja huweza kufika saa kumi na mbili. Tena uuguzi si kitu kimoja. Kuna matawi manne: uuguzi wa watu wazima, wa watoto, wa afya ya akili, na wa watu wenye ulemavu wa kujifunza. Mwombaji hutakiwa alichague tawi lake tangu siku ya kuomba nafasi, kwa hiyo si neno la kusema "tutaona mbele ya safari".

Ama hayo matapishi, ni kweli, muuguzi huyafuta. Lakini kabla ya kuyafuta huyatazama. Rangi yake, wingi wake, damu iliyomo au isiyomo, na saa yaliyotoka, yote hayo ni habari, na muuguzi amefundishwa kuisoma. Daktari huja wodini, humpima mgonjwa, huandika maagizo, kisha huenda kwa wengine wanaomngojea. Anayebaki ni muuguzi. Saa tisa za usiku, pumzi ya mgonjwa inapobadilika na aila yake imelala nyumbani, macho yaliyofunzwa ya mtu huyu mmoja ndiyo yatakayoamua kama daktari ataitwa mapema au ataitwa kwa kuchelewa.

Dharau ilikotoka

Dharau ya uuguzi haikuzuka bure. Wazee wetu waliwajua manesi wa zamani waliofundishwa katika hospitali, wakapewa cheti, wakavaa sare nyeupe na kuamrishwa na kila mtu. Hata hapa Uingereza hali ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Edinburgh ndicho kilichofungua mlango, kikaanzisha kitengo cha masomo ya uuguzi mwaka 1956, na mwaka 1960 kikaanza kufundisha shahada. Mafunzo mengine yalihamia vyuoni polepole, na kuanzia mwaka 2013 hakuna tena njia ya kuanza mafunzo ya kuwa muuguzi aliyesajiliwa katika England isipokuwa kwa shahada. Kwa hiyo, mama yetu, jawabu ni kwamba shahada hii ni ya kweli.

Wala si shahada ya mapambo. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Profesa Linda Aiken, uliotazama wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya. Walichokiona ni hiki: kila idadi ya wauguzi wenye shahada ilipokuwa juu kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 7. Na kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja zaidi wa kumhudumia, uwezekano huo ulipanda kwa asilimia 7. Namba hizi haziwezi kuthibitisha sababu peke yake, lakini zinatosha kumnyamazisha anayesema kwamba uuguzi hauhitaji akili.

Aidha, tangu mwaka 2006 muuguzi aliyepata mafunzo ya ziada na kusajiliwa kwayo huweza kuandika mwenyewe takriban dawa zote ambazo daktari huziandika. Wapo wauguzi wanaoendesha zahanati za kisukari, za pumu na za moyo, na wapo waliofika daraja ya ushauri wa juu hospitalini, wanaofanya utafiti na kufundisha vyuo vikuu.

Na sisi Waislamu tulikuwa watu wa mwisho kustahiki kuidharau kazi hii. Historia yetu inamtaja Rufaida wa kabila la Aslam, aliyewekewa hema katika msikiti wa Madina akiwatibu majeruhi, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki alipelekwa kwake. Hatukusikia kwamba ukoo wake uliona haya.

Kwa baba

Sasa tumgeukie ndugu yetu, baba wa binti, kwa heshima yake. Matamanio yako si makosa. Mtu aliyeacha kwao, akaanza upya katika nchi ya baridi, ana haki ya kutaka mwanawe apande juu kuliko yeye. Lakini tunakuomba ujiulize swali moja: unalolitaka ni mtoto awe daktari, au ni wewe uitwe baba wa daktari? Mambo haya mawili yanafanana kwa mbali, na ukikaribia yanaachana.

Udaktari una milango migumu ya kuingilia, lakini mlango wa kutokea ni mgumu zaidi. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kijana aliyeingia kwa kumridhisha mzazi hufika mwaka wa tatu, akasimama mbele ya mgonjwa anayekufa, na hapo hutafuta ndani ya nafsi yake sababu ya kuwepo mahali pale. Akiikosa, hakuna cheo kitakachomshika mkono. Huona haya kuacha, kwa kuwa mji mzima umekwisha kuambiwa. Na huona dhiki kuendelea, kwa kuwa moyo haumo. Baadhi yao huugua, na nyumbani hakuna anayejua mpaka barua ya chuo inapofika.

Binti yako hakusema hataki kusoma. Hakusema anataka kukaa bure. Amesema anataka kazi ya kukaa na wagonjwa, na amelisema akiwa na alama nzuri mkononi, wala si baada ya kushindwa. Huyo hachukui makombo ya sahani ya mtu, amechagua sahani yake. Mtihani wa kumpima upo, tena ni rahisi. Atafute kazi ya kujitolea katika nyumba ya wazee au hospitali kwa miezi michache. Amlishe mzee, ambadilishe nguo, amsikilize akirudia kisa kimoja mara kumi. Akirudi nyumbani amechoka lakini bado anaeleza habari za wale wazee, basi amejijua. Na kama kwa kuona kazi ile moyo wake utaelekea kwenye uchunguzi wa maradhi na maamuzi ya tiba, huenda akaurudia udaktari yeye mwenyewe, kwa miguu yake.

Kwa anayeutaka udaktari kwa dhati

Wapo vijana wetu wanaoutaka udaktari kutoka ndani ya nafsi zao, nao wasidhani tumewasahau. Jambo la kwanza ni kujua kwamba mlango huu una tarehe. Maombi hupitia UCAS na mwisho wake ni tarehe 15 Oktoba, mapema kuliko masomo mengine takriban yote. Mwombaji anaruhusiwa vyuo vinne tu vya udaktari, na nafasi ya tano ataiweka kwa somo jingine. Kabla ya hapo awe amekwisha kufanya mtihani wa UCAT, unaofanywa baina ya Julai na Septemba, mara moja tu kwa mwaka. Anayetoka katika nyumba ya kipato kidogo anaweza kuombewa asilipe ada ya mtihani huo. Karibu vyuo vyote hutaka kemia au bayolojia, vingi vikitaka zote mbili, na alama za kawaida ni AAA. Maana yake ni kwamba uamuzi wa masomo hufanywa mtoto akiwa na miaka kumi na tano au kumi na sita. Mzazi anayeanza kuuliza mtoto akiwa na miaka kumi na minane, amefika bandarini jahazi limekwisha kung'oa nanga.

Jambo la pili, kuna njia zilizowekwa makusudi kwa watoto wa shule za serikali waliosoma katika mazingira magumu. King's College London ina kozi ya miaka sita iliyoanza mwaka 2001, na Southampton inayo ya namna hiyo hiyo. Alama zinazotakiwa huwa chini ya zile za kawaida, na mwaka wa ziada ni wa kumwimarisha mwanafunzi. Watoto wetu wengi wanastahiki njia hizi lakini hawaziombi, kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Jambo la tatu ni la tahadhari. Wapo mawakala wanaozunguka katika jumuiya zetu wakiahidi nafasi za udaktari katika nchi nyingine bila ya mtihani. Si kila chuo cha nje ni kibaya, na wapo madaktari wazuri waliosoma Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Muscat. Lakini kabla ya kulipa hata senti moja, iulizwe GMC kwa maandishi kama inaitambua shahada ya chuo hicho, na ifahamike kwamba mhitimu atakaporudi atalazimika kufaulu mitihani ya wageni ndipo asajiliwe.

Suala la riba

Tunakuja kwenye swali lililomkosesha mama yetu usingizi. Tueleze kwanza hali ilivyo. Katika England, ada ya juu kwa mwanafunzi wa nchini ilikuwa pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Zamani wanafunzi wa uuguzi walilipiwa, lakini malipo hayo yaliondolewa kwa wanaoanza kuanzia Agosti 2017, wakaingizwa katika mikopo kama wengine. Mkopo wa wanaoanza tangu Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 ya pato linalozidi pauni 25,000 kwa mwaka, hufutwa baada ya miaka 40, na huongezewa faida kila mwaka kufuatana na upandaji wa bei. Hiyo faida ndiyo tatizo letu. Serikali ilitaka maoni juu ya mpango mbadala unaokubaliana na sharia mwaka 2014, na sheria ya mwaka 2017 ikaruhusu mpango huo uundwe. Lakini mwaka 2024 ulipomalizika bado haukuwa umeanza.

Wanazuoni wamelijadili suala hili na hawakuafikiana. Wako wanaokataza moja kwa moja, wako wanaoangalia dharura, na wako wanaosema masharti ya mkopo huu hayafanani na ya deni la kawaida. Safu hii si ya fatwa, na kila nyumba imuulize mwanachuoni inayemwamini. Tunachoweza ni kuonyesha njia zisizopita mlango huo.

Ya kwanza ni ruzuku. Tangu Septemba 2020, mwanafunzi wa uuguzi katika England hupewa pauni 5,000 kwa mwaka zisizorudishwa. Hutakiwa awe anastahiki mkopo, lakini si sharti awe ameuchukua. Mwenye watoto wa kuwalea huongezewa pauni 2,000, na wanaosomea afya ya akili au ulemavu wa kujifunza huongezewa pauni 1,000.

Ya pili ni kusoma ukiwa kazini. Tangu mwaka 2017 kuna mafunzo ya shahada ya uuguzi ambayo mwajiri humwajiri mwanafunzi, humpa mshahara, na ada hailipwi na mwanafunzi. Huchukua kama miaka minne. Nafasi si nyingi na hutangazwa na hospitali zenyewe, basi ni lazima kufuatilia. Wengine huanza kuwa wasaidizi wa wodi, kisha wauguzi washirika kwa mafunzo ya miaka miwili, kisha hupanda hadi shahada.

Ya tatu inategemea mahali mnapokaa. Uskoti hulipia ada za wakaazi wake, na mwanafunzi wa uuguzi huko hupewa ruzuku ya pauni 10,000 kwa mwaka. Wales hulipia ada za uuguzi kwa anayeahidi kufanya kazi huko miaka miwili baada ya kuhitimu. Na kwa wanaosoma udaktari katika England, ada ya kuanzia mwaka wa tano hulipwa na NHS.

Ya nne imo mikononi mwetu. Kina mama wetu wamecheza upatu tangu Ng'ambo na Mji wa Kale mpaka hapa ughaibuni. Upatu umenunua dhahabu, umeoza mabinti, umepeleka watu Hija. Watu kumi wakitoa pauni 80 kila mwezi, mwisho wa mwaka zimepatikana pauni 9,600, nazo zilitosha ada ya mwanafunzi mmoja kwa mwaka 2025/26 na kubakisha pauni 65. Aliyesaidiwa akihitimu hurejesha kidogo kidogo, bila ya nyongeza, ili asaidiwe mwingine. Hiyo ndiyo kardhi hasana, na haingojei serikali yoyote.

Karatasi za ukaazi

Kuna jambo ambalo limezivunja nyumba kadhaa bila ya kutazamiwa. Ada tulizozitaja ni za mwanafunzi anayehesabiwa wa nchini. Anayehesabiwa mgeni hulipa, kwa udaktari, zaidi ya pauni 30,000 kwa mwaka katika vyuo vingi. Kanuni ya kawaida katika England ni kuwa na ukaazi wa kudumu pamoja na kuishi hapa miaka mitatu kabla ya masomo kuanza. Mkimbizi aliyekwisha kukubaliwa ana kanuni yake iliyo nyepesi zaidi. Na baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Tigere mwaka 2015, kijana asiye na ukaazi wa kudumu lakini aliyekulia hapa anaweza kustahiki mkopo kwa urefu wa maisha yake nchini. Kwa mfano, aliye chini ya miaka 18 awe ameishi hapa miaka saba. Angalieni karatasi za kila mtoto leo, msingoje mwaka wa maombi. Tumewaona vijana wenye alama za juu wakisimamishwa na karatasi iliyosahauliwa kabatini.

Haya, sitara na ibada

Wazazi wengine hukhofia dini ya mtoto. Hijabu inakubaliwa katika hospitali za NHS. Kanuni inayowasumbua mabinti ni ile ya mikono kuwa wazi chini ya kiwiko wakati wa kumhudumia mgonjwa, iliyowekwa kuzuia maradhi ya kuambukiza. Mwaka 2010 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo unaotaja mikono ya nguo ya kuvaa na kutupa, pamoja na mikono inayoweza kukunjwa wakati wa kazi na kuteremshwa baadaye. Hospitali ya Royal Derby ilianza mwezi Desemba 2019 kuweka hijabu za kuvaa mara moja katika vyumba vya upasuaji. Kila hospitali ina utaratibu wake, na mwanafunzi aulize kabla ya siku ya kwanza, si baada ya kukaripiwa mbele ya watu.

Juu ya kuwagusa wagonjwa wa jinsia nyingine, tuseme ukweli: mwanafunzi hutakiwa kujifunza kumhudumia mgonjwa yeyote, na asiyeweza kulikubali hilo ni bora alijue mapema. Sala na funga zina nafasi zake. Hospitali nyingi zina vyumba vya kusalia, na mkuu wa zamu aliyeelezwa kabla ya Ramadhani huwa mwepesi wa kupanga mapumziko kuliko aliyeshtukizwa wakati wa futari.

Wagonjwa wetu wenyewe

Tumebakisha hoja moja, nayo huenda ikamfika baba kuliko zote. Wazee waliokuja hapa wakiwa vijana sasa wanalazwa. Wengi wao Kiingereza chao ni cha dukani na cha kazini, na maradhi yakizidi hata hicho huwatoka. Mzee husema "roho inanidunda", "kichwa kinanizunguka", "baridi imeniingia mifupani", na mkalimani wa simu huyageuza maneno hayo kwa namna yake. Au huitwa mjukuu wa miaka kumi na miwili amtafsirie bibi yake habari za uchafu wa choo na za saratani, mambo ambayo si ya kubebeshwa mtoto.

Hebu fikiri, ndugu yetu, siku utakapolala wewe katika kitanda hicho. Daktari wako, awe nani, utamwona kwa dakika chache za asubuhi. Lakini usiku, utakapoogopa na maneno ya kigeni yamekukimbia, akipita karibu yako muuguzi na kukuambia "Shikamoo baba, unajisikiaje?", utamwona mdogo mtu huyo?

La kufanya sasa

Dada yetu uliyetuandikia, usisimame baina ya mume na mwana kama mwamuzi. Waketishe pamoja, siku isiyo na wageni, na mbele yao iwepo karatasi. Binti aandike matawi ya uuguzi na alichagualo. Baba aandike khofu zake moja moja, bila ya kukatizwa. Kisha kila khofu itafutiwe jawabu: ile ya fedha kwa hesabu, ile ya dini kwa mwanachuoni, na ile ya maneno ya watu muiache kwa watu wenyewe.

Maombi ya uuguzi hupokelewa mpaka Januari ili yahesabiwe kwa usawa na mengine, kwa hiyo muda upo. Kuanzia sasa mtafute kazi ya kujitolea, mhudhurie siku za wazi za vyuo, na muagize kutoka nyumbani kadi za chanjo za binti ikiwa alizaliwa huko, kwani vyuo huuliza chanjo za homa ya ini na kifua kikuu kabla ya mwanafunzi kuingia wodini. Na wewe mwenyewe, kama umri na nafasi vinakuruhusu, jua kwamba mtu mzima asiye na A-level anaweza kupitia kozi ya Access ya mwaka mmoja na kuomba uuguzi. Wapo kina mama walioingia chuoni baada ya watoto wao kukua.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaafikishe, na ampe kila mtoto wetu elimu yenye manufaa na kazi anayoiridhia. Wasomaji wenye uzoefu wa hospitali, madaktari na wauguzi, tunawasihi muandike, ili vijana wapate kusikia kutoka kwa waliomo.

Wabillahi tawfiq.